SABABU YA NG'OMBE KUFA CHAKULA KINAPOPATIKANA

Katika nchi ya Kajiado yako mambo mawili yanayowasikitisha wenye mifugo kila ukame unapopita. La kwanza ni kuwaona wanyama wakifa kwa njaa, na hilo kila mtu hulielewa. La pili ni kumwona ng'ombe aliyeivumilia njaa miezi mingi akianguka na kufa katika juma lile lile chakula kilipopatikana. Mwenyewe amejinyima, ameuza mbuzi ili anunue gunia la unga au la pumba, naye amemlisha mnyama wake jioni kwa huruma. Kesho yake, au siku ya pili, amkuta amelala chini, tumbo limejaa, macho yamedidimia, wala hawezi kusimama. Wengine husema amerogwa. Wengine husema unga ulikuwa na sumu. Wengine husema siku zake zilikuwa zimekwisha. Mara nyingi sababu si hata moja ya hizo. Sababu imo ndani ya tumbo lake, na kwa kuwa inajulikana, yaweza kuzuiwa.

Jambo hili si dogo. Wazee wa Kajiado huukumbuka ukame wa 1961, uliomalizika kwa mvua kubwa na mafuriko. Waliozaliwa baadaye waliuona ukame wa 1984, wa 2000 na wa 2009. Tena, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua kwa kufuatana, na katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Katika nyakati kama hizo makundi ya ng'ombe wa nyanda za Kitengela huonekana yakichungwa kandokando ya barabara, na hata ndani ya jiji la Nairobi, yakitafuta majani po pote yalipo.

Nkoroi, iliyo kati ya Ongata Rongai na Kiserian kando ya barabara ya Magadi, ni mahali panapofaa kutazamwa kwa habari hii, kwa maana wafugaji wa namna mbili hukutana hapo. Wako wenye makundi ya kuchunga, ambao malisho yao yamepungua tangu mashamba yalipogawanywa kuwa viwanja vya nyumba. Wako pia wenye ng'ombe wawili au watatu wa maziwa katika uwanja mdogo, ambao hununua kila kitu mnyama anachokula. Wa kwanza huogopa njaa. Wa pili hutamani maziwa mengi. Lakini sheria inayowaokoa wanyama wa wote wawili ni moja, nayo ni hii: anayemlisha ng'ombe hulisha kwanza vijidudu walio tumboni mwake, na vijidudu hao hawawezi kubadilishiwa chakula kwa ghafula.

MATUMBO MANNE NA KAZI ZAKE

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wacheuao. Tumbo la kila mmoja wao limegawanyika katika vyumba vinne, na mtu aliyewahi kusimama kwenye machinjio amekwisha kuviona.

Cha kwanza ni tumbo kubwa, lenye manyoya manyoya ya nyama kama taulo. Liko upande wa kushoto, na katika ng'ombe mkubwa wa maziwa huweza kuchukua lita 100 hata 200. Cha pili ni tumbo dogo lenye vijumba kama sega la nyuki. Limeshikamana na lile la kwanza, nalo liko mbele kabisa, karibu na moyo. Cha tatu ni tumbo lenye kurasa nyingi kama kitabu. Kazi yake ni kukamua maji na kuzuia vipande vikubwa visipite. Cha nne ndicho tumbo halisi, linalofanana kwa kazi na tumbo la mwanadamu, maana humo mna asidi ya kuyeyushia chakula.

Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Huyazungusha majani kwa ulimi, huyakata na kuyameza upesi bila kuyatafuna vizuri. Baadaye, akiisha kupumzika kivulini, huyarudisha kinywani donge kwa donge na kuyatafuna tena. Huko ndiko kucheua. Donge moja hutafunwa mara 40 hata 60, kisha humezwa, na lingine hupanda. Mnyama anayekula majani hutumia saa 6 hata 8 kwa siku katika kazi hiyo peke yake.

Watu wengi hudhani kwamba kucheua ni kusaga majani tu. La, iko kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Kila anapotafuna, mnyama hutoa mate. Ng'ombe mkubwa hutoa lita 100 na zaidi kwa siku. Mate hayo yana chumvi ya jamii ya magadi, na chumvi hiyo huvunja ukali wa asidi inayofanyika katika tumbo kubwa. Kwa hiyo mnyama asiyecheua hana kinga dhidi ya uchungu wa tumbo lake mwenyewe. Neno hili lafaa likumbukwe, maana ndilo ufunguo wa mambo yafuatayo.

VIJIDUDU WA TUMBO KUBWA

Majani yana nyuzi ngumu ambazo tumbo la mnyama ye yote haliwezi kuziyeyusha kwa nguvu zake. Mwanadamu akila majani makavu hatapata chakula cho chote ndani yake. Ng'ombe naye asingepata, kama asingekuwa na wasaidizi. Wasaidizi hao ni vijidudu wasioonekana kwa macho, wa aina nyingi sana, wanaoishi katika tumbo kubwa ambamo mna joto, giza, unyevu na chakula. Katika tone moja la maji ya tumbo hilo wamo vijidudu wengi kuliko watu wote wa Kenya.

Vijidudu hao huyachachisha majani kama pombe inavyochachishwa katika mtungi. Katika kuchacha huko hutoka asidi nyepesi ambazo hupenya katika ukuta wa tumbo na kuingia katika damu, nazo ndizo zinazompa ng'ombe sehemu kubwa ya nguvu zake. Hutoka pia gesi nyingi, ambayo mnyama huitoa kwa kupiga mbweu. Mwisho, vijidudu wenyewe husukumwa pamoja na chakula hata tumbo la nne, na huko huyeyushwa. Miili yao ndiyo inayompa ng'ombe sehemu kubwa ya protini ya kujengea nyama na kufanyia maziwa. Hivyo yafaa kusema kwamba ng'ombe ni mfugaji naye: hufuga vijidudu, huwalisha majani, kisha huwala.

Anayetaka kuona nguvu za gesi hiyo hahitaji kwenda mbali na Nkoroi. Katika machinjio ya Keekonyokie, huko Kiserian, taka za matumbo na damu zimetumiwa kutengenezea gesi ya kupikia. Taka huwekwa katika tangi lisiloingia hewa, na vijidudu wa namna moja na wale wa tumboni hufanya kazi yao. Gesi iwakayo jikoni ni ile ile ambayo ng'ombe huitoa kinywani kila siku.

Vijidudu si wa aina moja. Wako wapendao nyuzi za majani, na wako wapendao wanga wa mahindi. Ng'ombe anayekula majani tu ana jeshi kubwa la wale wa kwanza na kikosi kidogo cha wale wa pili. Akipewa chakula kipya kidogo kidogo, majeshi hubadilika kwa taratibu, na ukuta wa tumbo nao hujizoeza. Kazi hiyo huchukua majuma mawili hata matatu. Hakuna dawa wala chakula cha ghali kinachoweza kuifanya kwa siku moja.

UNGA UNAVYOUA

Sasa yaweza kueleweka kisa cha yule ng'ombe aliyekufa baada ya kushiba. Miezi ya njaa imewapunguza vijidudu wake. Tumbo limelegea, hacheui sana, na mate ni machache. Ndipo anapowekewa beseni la unga wa mahindi, au anapoingia ghalani usiku na kula nafaka. Wanga huo huchacha kwa haraka kupita kiasi. Vijidudu wapendao wanga huzaana kwa saa chache na kutoa asidi kali, ile ile inayoyafanya maziwa kuwa machungu. Vijidudu wema wa majani hawawezi kuishi katika ukali huo, nao hufa.

Asidi ikizidi, tumbo huvuta maji kutoka katika damu. Ndiyo sababu mnyama huonekana tumbo limejaa maji, lakini macho yamezama na ngozi imekauka. Ukuta wa tumbo huungua. Mnyama husaga meno, hupepesuka kama mlevi, huhara kinyesi chembamba chenye harufu ya uchachu, kisha hulala asiinuke. Huweza kufa katika siku moja hata tatu. Akipona, huenda akabaki na kwato zinazomuuma na majipu katika ini.

Ng'ombe wa maziwa wa viwanjani hupatwa na ugonjwa huo huo kwa namna ya polepole. Mwenyewe huzidisha pumba na chakula cha kununua, hupunguza majani kwa kuwa ni ghali, naye hufurahi maziwa yakipanda. Baada ya muda mafuta ya maziwa hupungua, kinyesi huwa chepesi leo na kizito kesho, mnyama hula vizuri siku moja na kukataa siku ya pili, kisha huanza kuchechemea. Wengi humtafutia dawa ya miguu, na kumbe ugonjwa umetoka tumboni. Chakula kilichosagwa laini hakimlazimishi mnyama kucheua. Asipocheua hana mate. Asipokuwa na mate asidi humshinda. Kwa sababu hiyo majani marefu yasipungue nusu ya chakula chake kikavu.

Mnyama aliyekwisha kula nafaka nyingi aondolewe nafaka mara moja, apewe majani makavu tu, na mganga wa mifugo aitwe bila kungoja kesho. Mganga huweza kumnywesha soda ya kuvunja asidi kwa kipimo kinachofaa, na kumrudishia maji mwilini. Iko pia tiba moja ya kustaajabisha, nayo ni kuchukua lita kadhaa za maji ya tumbo kubwa la mnyama mzima, hata aliyetoka kuchinjwa, na kumnywesha mgonjwa. Maji hayo hubeba mbegu ya vijidudu wapya. Ni kama kupewa kaa la moto kutoka kwa jirani ili kuwasha jiko lililozimika. Lakini lazima yatoke kwa mnyama aliyekaguliwa na kuonekana hana ugonjwa.

MAJANI MAKAVU NA NJAA YA KIANGAZI

Kabla ya hatari ya kushiba iko hatari ya njaa, na hapo pia vijidudu ndio wenye neno. Katika nyanda za Kitengela majani kama vile themeda huwa mazuri baada ya mvua. Kiangazi kikiendelea hukauka na kuwa magumu. Mtu huweza kuona majani marefu ya kijivu yamejaa mahali, na ng'ombe wamekonda katikati yake. Sababu ni kwamba protini ya majani imepungua. Ikishuka chini ya sehemu 7 katika 100, vijidudu wenyewe huona njaa. Hawazaani, hawayavunji majani upesi, tumbo hubaki limejaa majani yasiyoyeyuka, na mnyama hawezi kuongeza mengine. Hufa njaa huku tumbo limejaa.

Dawa yake si kuongeza majani yale yale. Ni kuwapa vijidudu protini kidogo. Kilo moja ya mashudu ya pamba au ya majani makavu ya lusani yaweza kumfanya ng'ombe ale na kuyeyusha majani magumu ambayo jana hakuyatamani. Maganda ya mbegu za mgunga, ule mti ambao Wamasai huuita oltepesi, ni chakula cha namna hiyo kitolewacho na nchi yenyewe. Huanguka wakati wa kiangazi, mbuzi na kondoo huyapenda, na mtu mwenye bidii huweza kuyakusanya na kuyaweka akiba.

Wengine hutumia tofali za kulamba zenye molasi na urea. Urea ni ile ile mbolea ya shambani. Vijidudu huweza kuigeuza kuwa protini, jambo ambalo mwanadamu na punda hawawezi. Lakini ni silaha yenye makali pande mbili. Kidogo huwalisha vijidudu. Kikizidi, au kikiyeyuka katika maji ya mvua na mnyama akayanywa, huwa sumu iuayo kwa saa chache. Asipewe ndama ambaye tumbo lake kubwa halijakomaa, wala mnyama aliyedhoofika kwa njaa. Tofali za kulamba zilizotengenezwa kwa kipimo ni salama kuliko urea ya kuchanganya nyumbani kwa kukisia.

Kuhusu kiasi cha chakula, hesabu yake si ngumu. Mnyama huhitaji kila siku chakula kikavu chenye uzito wa karibu sehemu 2 na nusu katika 100 za uzito wake. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 huhitaji kilo 6 na zaidi kidogo. Robota moja la majani la kilo 15 humtosha siku mbili na kidogo. Basi mwenye ng'ombe 10, akitaka kuwalisha kwa marobota peke yake siku 90 za kiangazi, ahesabu marobota 375. Mtu akiifanya hesabu hiyo mwezi wa sita, ataamua mapema ni wangapi awauze wakiwa bado na nyama, na ni wangapi awabakize. Akiifanya mwezi wa tisa, soko litakuwa limejaa ng'ombe waliokonda, na marobota yatakuwa yamepanda bei.

KUVIMBA TUMBO

Mvua ikinyesha, hatari hubadilika sura. Mnyama dhaifu huweza kufa kwa baridi ya mvua usiku ule ule wa kwanza, maana hana mafuta ya kumtia joto. Basi yafaa apate mahali pakavu pa kulala. Majani mabichi ya kwanza yana maji mengi na nyuzi chache, nayo humharisha. Kondoo na mbuzi wanaoyavamia huweza kufa ghafula kwa sumu ya vijidudu wabaya wanaozaana katika matumbo yaliyolemewa. Chanjo yake ipo, nayo hutolewa kabla ya mvua.

Kisha kuna kuvimba. Imesemwa kwamba ng'ombe hutoa gesi kwa kupiga mbweu. Akizuiliwa kufanya hivyo, tumbo hufutuka kama ngoma upande wa kushoto, hukandamiza mapafu, na mnyama hukosa pumzi. Gesi huzuiliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukwamwa na kitu kooni, kama kiazi au kipande cha hindi. Ya pili ni povu: mnyama anapokula lusani mbichi au majani mengine ya jamii ya kunde akiwa na njaa, gesi hunaswa katika mapovu madogo wala haiwezi kutoka. Hilo huwapata sana wanyama wanaoingia katika shamba la kunyunyiziwa maji asubuhi na mapema.

Mnyama wa povu husaidiwa kwa kunyweshwa mafuta ya kupikia, ambayo huvunja mapovu, na kusimamishwa mahali penye mteremko, miguu ya mbele ikiwa juu. Anyweshwe polepole ili mafuta yasiingie mapafuni. Mganga huweza kupitisha mpira kinywani hata tumboni, au, mauti yakikaribia, kutoboa ubavu wa kushoto kwa chuma chenye mrija. Kuzuia ni rahisi zaidi: wanyama wapewe majani makavu kwanza, kisha waingie katika majani mabichi kwa muda mfupi, umande ukiisha kukauka.

MIFUKO NA WAYA

Hatari nyingine imeletwa na miji. Ng'ombe hachagui chakula kwa midomo kama mbuzi. Hukusanya kwa ulimi na kumeza. Akichungwa penye takataka humeza mifuko ya plastiki. Hakuna kijidudu wa tumboni awezaye kuivunja mifuko hiyo. Hubaki humo, hujifunga pamoja kama kamba, na mwaka hata mwaka huchukua nafasi ya chakula. Katika machinjio ya Nairobi imepata kuonekana mifuko 20 katika tumbo la ng'ombe mmoja. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Hata hivyo plastiki iliyokwisha kutupwa haiozi, na aina nyingine za mifuko bado hutupwa. Mnyama aliyeijaza tumboni hukonda ingawa anakula, huvimba mara kwa mara, na dawa za minyoo hazimfai kitu. Hapana tiba ila kupasuliwa tumbo na mganga.

Pale penye nyumba zinazojengwa, kama ilivyo Nkoroi na Kitengela, kuna misumari na vipande vya waya. Mnyama akivimeza huzama katika lile tumbo la sega la nyuki. Kwa kuwa tumbo hilo liko karibu na moyo, na hujikaza kila dakika, waya huweza kutoboa ukuta wake hata kuufikia moyo. Mnyama husimama amepinda mgongo, hukataa kuteremka mlima, na huguna akitembea. Waganga huweza kumpa sumaku ya kumeza, ikae humo na kuyashika vyuma. Lakini mwenye kujenga akiokota waya zake jioni, ameokoa ng'ombe wa jirani bila gharama.

MADINI, NA NDAMA

Mara nyingine mnyama hutafuta mifupa na plastiki kwa sababu mwili wake umepungukiwa na madini, hasa fosforasi. Kula mifupa ya mizoga huleta sumu ya kupoozesha viungo. Vijidudu nao huhitaji madini. Zamani, karibu na Nakuru, ng'ombe walikonda na kufa katikati ya majani mabichi, hata ugonjwa ukapewa jina la mji ule. Baadaye ilijulikana kwamba udongo wa mahali pale ulikosa kobalti. Bila kobalti vijidudu hawawezi kufanya vitamini moja ambayo ng'ombe hawezi kuishi bila hiyo. Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo sana, wala hakionekani kwa macho, lakini kukikosa ni kufa.

Kwa hiyo chumvi ya madini iliyochanganywa kwa mifugo si anasa. Katika Kajiado watu wengi huwalambisha wanyama magadi ya Ziwa Magadi. Yana chumvi wanayoitaka, lakini yana pia floridi nyingi, ambayo ikizidi huharibu meno ya mnyama anayekua, na mnyama asiye na meno mazuri hawezi kucheua. Yasiwe badala ya chumvi ya madini.

Ndama ni habari nyingine. Huzaliwa na tumbo kubwa lisilo na kazi bado. Maziwa hupita katika mfereji maalum hata tumbo la nne. Maziwa ya kwanza ya mama yampasa kuyapata katika saa 6 za kwanza, maana humo mna kinga ya magonjwa. Baadaye, akianza kuonja majani, vijidudu huingia na tumbo kubwa hukua; katika miezi miwili au mitatu huanza kuwa mnyama acheuaye kweli. Desturi ya Wamasai ya kuhifadhi malisho mazuri karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, waitayo olokeri, ina hekima ndani yake. Ndama mwenye majani laini karibu naye hujenga tumbo litakalomfaa maisha yake yote.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa ufupi, mfugaji ayashike mambo haya:

1. Ng'ombe aliyetoka katika njaa apewe majani makavu kwanza, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kwa muda wa siku tatu au nne. Unga na nafaka visiguswe.

2. Baada ya hapo pumba zianze kwa nusu kilo kwa siku, zikigawanywa asubuhi na jioni, na kuongezwa robo kilo kila baada ya siku mbili au tatu. Kinyesi kikilegea, zisiongezwe.

3. Badiliko lo lote la chakula lichukue majuma mawili kwa uchache.

4. Ghala la nafaka lifungwe usiku.

5. Maji safi na chumvi ya madini viwepo siku zote.

6. Kila siku wanyama watazamwe wakipumzika. Kundi likiwa limelala kivulini, zaidi ya nusu yao waonekane wakicheua. Mtu akiweka ngumi katika shimo la ubavu wa kushoto, asikie tumbo likijikaza mara moja au mbili kwa dakika. Tumbo lililonyamaza ni tumbo lenye ugonjwa, naye mganga aitwe.

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mtu aliyempoteza ng'ombe wake kwa kumshibisha hakukosa huruma, wala hakukosa mali. Alikosa kujua tu kwamba kibaba cha tumbo lile hakijazwi kwa siku moja. Ukame mwingine utakuja Kajiado, kama ulivyokuja zamani. Wengi wa wanyama watakaoufikia mwisho wake wakiwa hai waweza kuendelea kuishi, wenyewe wakikumbuka kuwalisha kwa kipimo.